Je, wajua kwa nini Msumbiji huadhimisha Siku ya Mwanamke tarehe 7 Aprili?

Tarehe 7 Aprili ni sikukuu pande zote mbili za mto Ruvuma, ila kila upande una marehemu wake. Huku Tanzania tunamkumbuka Mzee Abeid Amani Karume, aliyepigwa risasi Kisiwandui, Zanzibar, jioni ya siku hiyo mwaka 1972. Ng'ambo ya mto siku hiyo ni ya wanawake. Vikundi vya kina mama hujifunga capulana za sare, yaani vitenge vilivyochapishwa kwa ajili ya siku yenyewe, na Rais wa nchi huenda kuweka shada la maua kwenye Uwanja wa Mashujaa jijini Maputo. Wanayo 8 Machi kama dunia nzima, lakini siku ambayo ofisi hufungwa kwa heshima ya mwanamke ni hii ya Aprili.

Kwa nini Aprili, na kwa nini tarehe 7?

Jibu lake liko Dar es Salaam. Siku hiyo mwaka 1971, mwaka mmoja kamili kabla ya kifo cha Karume, mwanamke wa miaka 25 alikata roho katika hospitali ya Muhimbili. Jina lake Josina Machel. Ukiuliza alikuwa nani, anayemjua atakujibu upesi: mke wa Samora. Ni kweli, alikuwa mke wa Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji. Lakini jibu hilo halitoshi kueleza sikukuu ya taifa zima. Wake za viongozi ni wengi Afrika, na ni wachache mno wenye tarehe yao kwenye kalenda. Tena Josina hakuwahi kuwa mke wa Rais wa nchi. Alifariki miaka minne kabla nchi yake haijapata uhuru. Kilichompa siku hiyo kilitangulia ndoa, na ndicho ninachotaka kukisimulia hapa.

Alizaliwa 10 Agosti 1945 Vilankulo, mji wa pwani katika mkoa wa Inhambane, akapewa jina Josina Abiatar Muthemba. Alizaliwa pacha. Baba yake alikuwa muuguzi katika hospitali za serikali, na hilo si jambo dogo ukijua Mreno alivyowapanga watu. Walio wengi waliandikwa "wenyeji", watu wa kulipishwa kodi, kuswagwa kwenye kazi za shuruti na kulimishwa pamba wapende wasipende. Wachache waliojua Kireno na kuishi kwa namna iliyompendeza mkoloni waliweza kuomba cheti cha kuitwa assimilado, yaani mtu aliyefananishwa na Mreno. Hawakufika hata mmoja katika kila watu mia. Familia ya akina Muthemba ilikuwa miongoni mwao, nayo ilikuwa familia ya Wapresbiteri, Wakristo wa madhehebu ambayo serikali ya Wareno haikuyaamini.

Cheti kilifungua mlango wa shule. Josina alianza kusoma Mocímboa da Praia, kaskazini kabisa katika mkoa wa Cabo Delgado, mji wa Wamwani ambao lugha yao Mswahili wa pwani akiisikiliza kwa utulivu haambulii patupu. Alipofika miaka 13 alipelekwa Lourenço Marques, mji mkuu ambao leo ni Maputo, akaingia shule ya biashara kusomea utunzaji wa vitabu vya hesabu. Huko ndiko alikojiunga na NESAM, chama cha wanafunzi Waafrika wa sekondari kilichokuwa kimeanzishwa na Eduardo Mondlane na wenzake mwaka 1949. Kwa nje kilikuwa chama cha masomo na utamaduni. Kwa ndani vijana walifundishana siasa, huku polisi wa siri wa Kireno, PIDE, wakiwanusa kila kona.

Machi 1964, akiwa na miaka 18, alitoroka. Yeye na wanafunzi wenzake walipanga kupenya Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, wavuke Zambezi, kisha wapande hadi Dar es Salaam, ambako FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji kilichoongozwa na Mondlane, kilikuwa kimeundwa 25 Juni 1962. Walisafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Wakakamatwa Victoria Falls, mpakani kabisa, mahali ambapo ukitupa macho unaiona nchi ya pili. Polisi wa Rhodesia wakawarudisha mikononi mwa Wareno, na Josina akaingia gerezani.

Kati ya vijana waliokamatwa pamoja naye alikuwamo Armando Guebuza. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa Msumbiji, na Mei 2010 yeye na Rais Kikwete ndio waliofungua Daraja la Umoja, lile la mita 720 linalounganisha Mtambaswala na Negomano juu ya Ruvuma. Kila nikilifikiria daraja lile namwona kijana wa Victoria Falls aliyekamatwa pua na mpaka, akija uzeeni kufungua mpaka mwingine ili watu wapite mchana kweupe.

Josina alikaa kifungoni miezi kadhaa, FRELIMO ikipiga kelele nje kudai wanafunzi hao waachiwe. Alitoka akiwa ndiyo kwanza anakaribia miaka 19. Mtu mwingine angetulia, angemaliza shule, angeshukuru Mungu. Yeye baada ya muda mfupi alitoroka tena, safari hii kwa njia ya kusini. Chukua ramani uone. Dar es Salaam iko kaskazini mwa Maputo, lakini wao walianza kwa kushuka Swaziland, wakakaa kwenye kambi ya wakimbizi, wakapenya Afrika Kusini ya makaburu kwa siri hadi Bechuanaland, Botswana ya leo, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Waingereza. Waingereza nao wakataka kuwarudisha walikotoka. Ilibidi Umoja wa Nchi Huru za Afrika na Umoja wa Mataifa waingilie kati ndipo wakaruhusiwa kuendelea Zambia, kisha Tanzania. Alipoingia Dar es Salaam mwaka 1965 alikuwa amemaliza zaidi ya kilomita 3,000 na hajatimiza, au ndiyo kwanza ametimiza, miaka 20.

Dar es Salaam ya miaka ile haikuhitaji kuelezwa kwa mtu wa Msumbiji. Ofisi ya FRELIMO ilikuwa Mtaa wa Nkrumah. Kurasini kulikuwa na Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wakimbizi iliyosimamiwa na Janet Mondlane, mke wa kiongozi wa chama. Josina aliwekwa hapo kuwa msaidizi wake, kazi aliyoifanya kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Kisha akapewa bahati ambayo wenzake wengi waliiota usiku: nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu Lausanne, Uswisi.

Aliikataa. Aliomba kwenda Nachingwea.

Wazee wa Lindi na Mtwara wanaijua Nachingwea kwa mambo mawili. La kwanza ni ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufa miaka michache baadaye, ukaacha mapori yaliyofyekwa, barabara na majengo. La pili ni kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji iliyokuja kutumia ardhi hiyo hiyo. Pale ndipo Samora Machel alipowanoa wapiganaji, na pale ndipo mwaka 1967 walipopelekwa wanawake 25 kupata mafunzo ya kijeshi ya miezi mitatu. Josina alikuwa mmojawapo. Kamati Kuu ya FRELIMO ilikuwa imeamua Oktoba 1966 kwamba wanawake wapewe mafunzo ya vita kama wanaume, na kikosi hicho kikaitwa Destacamento Feminino, Kikosi cha Wanawake.

Uamuzi kwenye karatasi ni kitu kimoja, na kumwona binti wa watu amebeba bunduki ni kitu kingine. Vita vilikuwa vimeanza 25 Septemba 1964 katika mkoa wa Cabo Delgado, na tangu mwanzo wanawake walikuwa ndani yake kama wapishi na wapagazi. Silaha ziliingia Msumbiji kutoka Tanzania, zikavushwa Ruvuma, halafu kutoka ukingoni hapo hakuna lori wala treni. Ni vichwa vya watu. Sanduku la risasi linapandishwa juu ya kata, safari ni ya siku nyingi porini, usiku mara nyingi, kwa sababu ndege za Wareno zinazunguka mchana. Hakuna aliyelalamika mwanamke akibeba sanduku la risasi. Malalamiko yalianza alipotaka kubeba bunduki ya kuzipiga risasi hizo.

Waliopinga walikuwa watu wazito. Lázaro Nkavandame, mwenyekiti wa FRELIMO wa Cabo Delgado na mtu mwenye sauti kubwa kati ya Wamakonde, hakutaka kabisa wanawake waingie jeshini. Wazazi wengi nao walisita, na si ajabu: binti aliyepitia unyago na kufundwa namna ya kukaa mbele ya wakubwa, leo unaambiwa atalala kambini na wanaume, avae suruali, apige mstari na kuamrishwa kwa filimbi. Mabinti wa Kikosi ilibidi waingie nyumba kwa nyumba kueleza. Na hapo ndipo chama kilipogundua kitu ambacho makamanda hawakuwa wamekipigia hesabu. Mwanamke mwenye bunduki akiingia kijijini kuhutubia, kina mama hutoka jikoni kumsikiliza, jambo ambalo mwanamume mgeni asingelipata. Na vijana wa kiume waliokuwa wakijificha wasiandikishwe waliona haya.

Ndani ya kikosi hicho Josina alijulikana zaidi kwa watoto. Vita viliacha yatima kila mahali palipopigwa mabomu, na Kikosi cha Wanawake ndicho kilichowakusanya, kikawajengea vituo, kikawalisha na kuwaanzishia masomo. Josina alisaidia kuviweka vituo hivyo, mkoani Niassa na Cabo Delgado, na alirudia jambo moja kila alipopata nafasi: msiwazuie wasichana kwenda shule. Julai 1968 FRELIMO ilifanya Kongamano lake la Pili huko Matchedje, mkoani Niassa, ndani ya ardhi iliyokwisha kukombolewa. Josina alikuwa mjumbe, na alisimama kutetea wanawake wahesabiwe sawa katika kila kazi ya mapambano. Alikuwa hajafika miaka 23.

Mwaka uliofuata ulianza na msiba. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa Dar es Salaam, Oyster Bay, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa njia ya posta. Chama kikayumba, wakubwa wakagombana, Nkavandame akawahama na kujisalimisha kwa Wareno. Uongozi ukawekwa mikononi mwa watu watatu, Samora akiwa mmoja wao. Ni katika mwaka huo mgumu, mwezi Mei, Josina na Samora walipooana, hapa hapa Tanzania, Tunduru, kwenye kituo cha elimu cha FRELIMO ambacho bibi harusi mwenyewe alikuwa amesaidia kukijenga.

Hapa naomba msomaji ahesabu nami. Siku ya harusi, Josina alikuwa na miaka mitano tangu kukamatwa Victoria Falls, na miaka miwili tangu kuhitimu mafunzo Nachingwea. Alikuwa amekwisha kusema mbele ya Kongamano. Samora alikuja kuwa Rais wa FRELIMO Mei 1970, kwa hiyo Josina alikuwa mke wa mkuu wa chama kwa miezi kumi na moja hivi. Miezi kumi na moja, tena ndiyo ya mwisho wa maisha yake. Anayemweleza kwa ndoa peke yake anaanza kusoma kitabu kwenye kurasa za mwisho.

Mwaka huo huo wa 1969 alikabidhiwa idara ya masuala ya jamii ya chama, na mwishoni mwa Novemba akajifungua mtoto wa kiume, Samora Junior, ambaye wote walimwita Samito. Kwa desturi yetu angeanza kuitwa Mama Samito na kazi zake zingeingia kivulini. Yeye aliendelea na zote mbili.

Mwaka 1970 mwili ukaanza kumgomea. Alikonda, nguvu zikapungua, akapelekwa Moscow kutibiwa. Alirudi hajapona. Wenzake walitaka apumzike, na hapa sijui msomaji atamwona shujaa au mkaidi, mimi namwona mtu aliyejua muda wake ni mfupi. Alimwacha mtoto wake mdogo mikononi mwa wenzake, akaingia tena Msumbiji kwa miguu kukagua kazi za idara yake, Niassa kwanza, halafu Cabo Delgado mwanzoni mwa 1971. Simulizi ya FRELIMO inasema nguvu zilipomwishia kabisa, aliifungua bastola yake kiunoni, akawapa wenzake aliokuwa akisafiri nao, akawataka waifikishe kwa kamanda wa mkoa ili iendelee kufanya kazi. Mpiganaji haachi silaha yake hivi hivi. Waliokuwapo walielewa anaaga.

Mapema Aprili alikuwa Muhimbili. Tarehe 7 akafariki. Alizikwa Kinondoni, kwenye makaburi yale yale alikozikwa Mondlane miaka miwili kabla. Samora alimwandikia shairi la maombolezo, na akaendelea na vita.

FRELIMO ilichukua mwaka mmoja tu kuamua. Mwaka 1972, bado iko uhamishoni na bado inapigana, ilitangaza 7 Aprili kuwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Machi 1973 wanawake wa chama wakakutana kwenye mkutano wao wa kwanza, na walikutania Tunduru, mahali pale pale pa harusi. Samora aliufungua kwa hotuba iliyosema kwamba kumkomboa mwanamke si sadaka anayopewa, ni sharti la mapinduzi yenyewe kufanikiwa. Tarehe 16 Machi ukazaliwa Umoja wa Wanawake wa Msumbiji, OMM, ambao hadi leo ndio wenye sare zile za capulana utakazoziona Aprili. Uhuru ulipokuja mwaka 1975, tarehe hiyo iliingia nao nchini.

Labda utauliza kwa nini wachague siku ya kifo, si ya kuzaliwa wala ya ushindi fulani. Ndivyo walivyofanya kwa Mondlane pia: 3 Februari, siku aliyouawa, ni Siku ya Mashujaa. Kwa chama kilichokuwa vitani, kifo kilikuwa tarehe ambayo kila mpiganaji aliijua kichwani bila kuandikiwa. Na uhuru wenyewe ulitangazwa 25 Juni makusudi, ulingane na siku ilipoundwa FRELIMO. Sasa ziweke tarehe hizo tatu pamoja. Mondlane alifia Dar es Salaam. Josina alifia Dar es Salaam. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam. Sikukuu tatu za kitaifa za Msumbiji asili yake ni mji wetu, Oyster Bay, Muhimbili na kwingineko tunakopita kila siku, na watoto wetu wa shule hawajui. Hili linaniuma, nasema wazi. Tulijitolea ardhi, chakula na usalama wetu kwa ajili ya watu hawa, Wareno wakatutishia mpakani, kisha tukasahau sura zao.

Wao hawakusahau. Baada ya uhuru mabaki ya Josina yaliondolewa Kinondoni yakapelekwa Maputo, ambako yamelazwa na ya mashujaa wengine chini ya mnara wa Uwanja wa Mashujaa. Sekondari iliyo maarufu kuliko nyingi jijini humo inaitwa kwa jina lake, na mitaa pia.

Mwaka wa uhuru, 1975, Samora alimwoa Graça Simbine, mwalimu ambaye naye alikuwa amepitia kambi za FRELIMO za huku Tanzania na kufundishwa kutumia silaha. Akawa Waziri wa Elimu wa kwanza wa nchi, na miaka mingi baada ya Samora kufa kwenye ajali ya ndege Mbuzini mwaka 1986, akaolewa na Nelson Mandela. Graça aliwalea watoto wa Samora aliowakuta, Samito akiwemo. Naye alipojifungua binti, wakamwita Josina. Basi katika nyumba alimokulia yule mtoto aliyeachwa na mama yake akiwa na mwaka mmoja na miezi, jina la mama likarudi kuitwa, asubuhi na jioni.